Wa Kwanza Kuonja

Nyakabanda, Kigali
12 Oktoba 1991

Kwa Dada Kulwa,

Shikamoo. Ulinitangulia kuzaliwa kwa robo saa, na kwa ajili ya robo saa hiyo nimekuamkia miaka sitini kasoro wiki sita. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mwanao Sikudhani na mtoto wake, na ndugu yetu Shija na mizinga yake. Mimi ni mzima. Mvua zimeanza, na vilima vyote vimegeuka kijani.

Imepita miezi saba tangu nilipokuandikia. Kosa ni langu. Sitoi sababu, maana nilizo nazo hazitoshi.

Bado nawafundisha Kiingereza watu wazima katika kituo kilekile cha lugha. Mwaka jana, kabla ya vita vya mpakani, walikuwa ishirini na wawili. Sasa ni tisa. Wanakuja kila Jumamosi alasiri, nguo zimepigwa pasi, na vitabu vyao wamevifunika kwa magazeti ili majina yasisomeke njiani. Siku hizi si vizuri hapa kuonekana unajifunza Kiingereza, kwa kuwa walioko upande wa pili wa vita ndio wanaokisema. Zaidi ya hapo sielezi. Kabagwira ni muuguzi, Évode ni karani wa benki, na Jean-Berchmans huendesha baiskeli kutoka Gahanga, mwendo wa saa nzima na zaidi, wala hajachelewa hata mara moja.

Nimepanga chumba cha uani kwa mama mjane aitwaye Mukankusi, fundi wa kushona. Kiswahili chake ni cha hapa. Ananiita Mwarimu. Mwezi wa kwanza nilimsahihisha, kisha nikaacha.

Wiki iliyopita nilifundisha tarehe. Kila mmoja alisimama akataja siku aliyozaliwa. Watatu waliujua mwaka tu. Kisha wakaniuliza mimi. Nikajibu, tarehe ishirini na tatu Novemba. Évode akatoa kalenda ya mfukoni akasema, "Mwalimu, ni Jumamosi. Na unatimiza sitini." Wakanong'onezana kwa Kinyarwanda, na nilipowanyamazisha shauri lilikuwa limekwisha: watakuja nyumbani kwangu.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Ukipata nafasi, niandikie kama siku hiyo utapika wali na asali, na utakula saa ngapi. Nataka kujua tu. Usitie posta, inachukua wiki nyingi. Wape madereva wanaopakia Isaka. Wanashusha mizigo Gikondo, nami nitapita huko kila Jumatano.

Nyonga inaendeleaje?

Mdogo wako,
Doto Mrisho


Isevya, Tabora
4 Novemba 1991

Mdogo wangu Doto,

Marahaba. Sisi ni wazima. Mtoto wa Sikudhani ameota gego la tatu na ameshaniuma nalo. Shija amevuna madebe mawili ya asali. Nyuki wamemvimbisha uso, na alipoingia hapa nilimkaribisha kama mgeni nisiyemjua, akakasirika mpaka alipokula.

Miezi saba. Nilikuwa nimeanza kumuuliza kila dereva kama Kigali kuna mwalimu mrefu anayesahihisha watu barabarani. Mmoja akasema, "Yupo, mama. Alinisahihisha mimi." Nikajua u hai, nikalala.

Unauliza kama nitapika. Doto, ni mwaka gani sikupika? Bakuli la mama lipo kabatini, halijapata hata ufa. Jumamosi hiyo nitakula upande wangu saa nne asubuhi. Upande wako nitaufunika kwa kawa kama kawaida, mpaka jioni. Wewe kula saa nane na wageni wako, wala usichelewe. Miaka sitini si ya kula chakula kilichopoa.

Nakutumia chupa ya asali. Dereva nimemwapisha kwamba haitafunguliwa njiani. Anasema ndani ya siku sita atakuwa Kigali.

Nyonga ni nyonga. Fimbo naitumia zaidi kuwafukuzia mbuzi wa jirani kuliko kutembelea.

Nawe u peke yako huko? Hukuniambia. Umeniambia habari za watu tisa na baiskeli, lakini hilo hukuniambia.

Mimi dada yako,
Kulwa


Nyakabanda, Kigali
24 Novemba 1991

Kwa Dada Kulwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na wote nyumbani ni wazima.

Barua yako haijafika. Nimekwenda Gikondo Jumatano nne. Madereva wanasema malori yamezuiwa mpakani Rusumo kwa ukaguzi, na hakuna ajuaye mpaka lini. Basi jana ilinikuta sijui kama umekula.

Walikuja wote tisa. Mukankusi alipika pilau tangu asubuhi. Alijifunza kwa majirani zake Waislamu. Kwa kuwa sinywi pombe, alinikamulia ndizi mbivu, maji matamu wanayoyaita umutobe, mtungi mzima. Meza ninayosahihishia madaftari ilitandikwa kitenge. Walileta zawadi: kikapu cha ukili chenye kifuniko kilichochongoka. Kimoja. Nilishukuru, nikakiweka dirishani bila kukifungua. Sababu unaijua. Sisi hatukulelewa kupokea kitu kimoja.

Kabagwira alimimina vikombe kumi. Kisha wakanitazama. Nilidhani wanangoja hotuba. Nikatoa hotuba ya dakika tano kuhusu bidii. Wakapiga makofi, na vikombe vikabaki palepale.

"Mwalimu, karibu," akasema Évode.

"Karibuni ninyi."

"Hapana, Mwalimu. Wewe kwanza."

"Mimi nitakula baadaye kidogo. Anzeni."

Nikaona nyuso zao zikifungwa, mmoja baada ya mwingine. Mukankusi akaniita mlangoni. Nakuandikia kama alivyosema, ingawa kalamu yangu inakataa.

"Mwarimu, onja. Huku mwenye nyumba anaonja wa kwanza, watu wote naona. Kama hapana onja, iko sababu. Watu watasema ndani iko kitu."

"Kitu gani?"

"Mwarimu, usinisemeshe hiyo neno."

Nikaelewa. Zamani labda ilikuwa adabu tu, kama sisi tunavyomnawisha mgeni. Siku hizi mtu anatazama kikombe, kisha anatazama mkono uliokishika.

Nilirudi mezani. Lilikuwa funda moja la maji ya ndizi, dada. Nilikiinua kikombe mpaka kidevuni, nikakirudisha.

Ningewaeleza nini? Kwamba mtu wa miaka sitini, aliyesimama mbele ya ubao miaka thelathini na minne, anangoja dada yake pacha aliyeko Tabora ale kwanza? Kwamba mama alimwagiza mfinyanzi bakuli la vyumba viwili, na kila mwaka tarehe hii wa kwanza kuonja ni Kulwa na wa pili ni Doto? Kwamba alituambia Doto akitangulia, mguu wa Kulwa utakosa nguvu? Wangecheka. Mimi mwenyewe niliwahi kucheka, na unakumbuka mbele ya nani.

Jean-Berchmans alisimama wa kwanza. Akasema njia ya Gahanga ni ndefu. Wengine wakafuata. Hakuna aliyenikasirikia; walinipa mkono mmoja mmoja, wakanishukuru kwa hotuba, na hilo ndilo lililoniuma. Kabagwira amesahau mwavuli wake.

Mukankusi alichukua vikombe vyote kumi akavimwaga kimoja kimoja kwenye shina la mgomba. Hata yeye hakuonja.

Pilau sikuigusa. Nimekunywa chai na mkate. Sikulaumu kwa lolote. Nakuarifu tu.

Mdogo wako,
Doto


Nyakabanda, Kigali
6 Desemba 1991

Kwa Dada Kulwa,

Shikamoo. Barua yako ya tarehe nne Novemba imefika juzi, pamoja na asali. Dereva amekitunza kiapo chako, kizibo hakijaguswa.

Kumbe ulikula saa nne. Niliposhika kile kikombe ilikuwa saa tisa. Ulikuwa umeshakula tangu asubuhi, na mimi nilikuwa nikingoja.

Jana nilipika wali mwenyewe, nikautia asali, nikala nusu ya sahani. Nusu ya pili niliiacha tupu tangu mwanzo, kwa kuwa nilijua umeshakula yako.

Jumamosi walikuja wanafunzi watatu. Niliwafundisha kama nilivyowafundisha ishirini na wawili. Mwavuli wa Kabagwira umening'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, na kila nikifunga mlango unagonga.

Umeniuliza kama niko peke yangu. Nina majirani wengi.

Doto


Isevya, Tabora
19 Januari 1992

Doto,

Marahaba mara mbili, kwa barua zako mbili zilizokuja siku moja. Sisi ni wazima. Sikudhani amepata kazi ya kupika kwenye shule ya watoto wadogo. Mvua imebomoa choo cha jirani na sasa wanatumia chetu, kwa hiyo habari za mtaa nazipata bila kutoka.

Nilisoma habari ya pilau nikacheka, nikamsomea Shija naye akacheka. Kisha nikafika kwenye vikombe kumi na mgomba, nikafuta macho. Shija akauliza, "Imekuwaje?" Nikamwambia ni moshi.

Sasa nikuulize, maana mimi sina elimu yako. Siku tulipotimiza hamsini na nane ulimwambia mkuu wa shule, mbele ya walimu wote waliokuja kukuaga ulipostaafu, kwamba bakuli la mama ni mambo ya bibi zetu na kwamba tumbo la mtu msomi halingoji treni. Ulikula upande wako saa saba mchana. Mimi niliingia saa tisa na mzigo kichwani, nikakuta chumba chako kitupu na changu kimefunikwa. Walimu walikuwa bado wanacheka. Sasa, huko ambako hakuna anayelijua bakuli, unalishika mpaka unafukuza wageni. Kwa nini?

Kuhusu kikapu: kikapu na kifuniko ni vitu viwili. Miaka thelathini na minne ya kufundisha na hilo hukuliona. Kikapu ni changu, kifuniko ni chako. Fungua.

Rudi nyumbani, Doto. Chumba chako kina kitanda.

Hapo chini nimefuta mistari mitatu. Usijaribu kuisoma kwa kuielekeza kwenye jua. Nakujua.

Kulwa


Nyakabanda, Kigali
15 Machi 1992

Kwa Dada Kulwa,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Nafuturu kwa uji na tende nne. Msikitini watu wananikaribisha kwao, nami huwaambia nimekwisha kualikwa kwingine.

Mistari yako mitatu niliielekeza kwenye dirisha. Umeifuta vizuri.

Darasani sasa ni watano, kwa kuwa wawili wamerudi. Jean-Berchmans haji. Tangu wiki iliyopita watu wanapanda kwa njia ya Gahanga na magodoro kichwani, wanatoka kule Bugesera. Nilisimama njiapanda ya Sonatubes siku mbili nikitazama baiskeli. Waliyoyasema watu wale siwezi kukuandikia. Mji wenyewe ni mtulivu.

Umeuliza kwa nini. Nimeikwepa barua hii tangu Februari ya mwaka 1990 nilipopanda basi kuja huku, kwa hiyo nitaiandika kwa ufupi.

Nilikula kabla yako, nikacheka, na siku kumi na nane baadaye ulianguka uani ukavunjika nyonga. Daktari alisema ni mifupa ya uzee. Mimi nilisema hivyo hivyo, kwa sauti, kwa kila aliyekuja kukutazama. Lakini uliposimama na fimbo mara ya kwanza, ukavuka ukumbi ukihesabu hatua, nilihisi kwamba mimi ndimi niliyekuvunja. Sikuweza kukuambia, kwa kuwa ningekuwa nakiri kwamba naamini, na sikuweza kukaa nikiisikia ile fimbo sakafuni. Nikatafuta kazi mbali. Siamini, dada. Lakini siwezi kuonja kwanza. Hayo yote mawili ni kweli, na sijui namna ya kuyapatanisha.

Sitaki unijibu kwa upole.

Doto


Isevya, Tabora
21 Aprili 1992

Doto,

Marahaba. Sikukuu imepita salama. Sikudhani alishona nguo ya mtoto ndefu mno, mtoto akaikanyaga na kuanguka mbele ya imamu. Shija anakusalimu.

Hukutaka upole, basi sikiliza.

Siku ile nilikuwa natoka Urambo, unakumbuka, Sikudhani alikuwa amejifungua. Treni ilisimama Usoke tangu alfajiri. Injini ilikuwa imeharibika. Nilikuwa sijala tangu jana yake. Saa nne asubuhi kuna mama alipita madirishani na sinia la wali na kuku. Nikanunua. Nikala wote, Doto, mpaka nikaramba sahani. Nilijua ni tarehe ngapi. Nilijiambia, mimi ndiye wa kwanza, nimekula wa kwanza, na yeye akila saa saba atakuwa wa pili. Ndivyo ilivyokuwa. Hukunitangulia. Hujawahi kunitangulia hata siku moja.

Lakini mkubwa anatakiwa amwachie mdogo wake chumba chake, na mimi Usoke sikuacha hata punje. Nilikuja njia nzima nikiona aibu. Nilitaka kukuambia tucheke. Nikaingia, nikasikia walimu wanacheka, nikasikia wewe unavyomsema mama. Nikafunga mdomo. Nikasema moyoni, acha ajione mkosaji. Nikanawa mikono, nikala upande wangu mbele yenu kama mtu mwenye njaa, na tumbo langu lilikuwa limejaa.

Na uani sikuangushwa na wali wako. Nilivaa malapa ya Sikudhani yaliyokatika kamba, sakafu ina sabuni. Nilijua hivyo tangu nilipokuwa bado nimelala chini.

Ulipoanza kuikwepa fimbo yangu niliona. Ulipoaga niliona. Nilidhani utaudhika mwezi mmoja urudi, kisha nitakuambia. Ikawa miaka. Hiyo ndiyo mistari mitatu niliyoifuta.

Nisamehe. Sijui kuandika neno hilo vizuri zaidi ya hapo.

Kulwa


Isevya, Tabora
2 Agosti 1992

Doto,

Hakuna barua. Nimemtuma Shija Isaka mara mbili. Dereva aliyekupa ile ya Aprili anasema alikukabidhi mkononi mwezi Mei, ukaiweka mfukoni bila kuifungua, ukamuuliza habari za barabara.

Kama umekasirika, andika kwamba umekasirika. Karatasi moja. Neno moja.

Kulwa


Nyakabanda, Kigali
30 Agosti 1992

Kwa Dada Kulwa,

Shikamoo. Nimekasirika.

Nimekaa miaka miwili na nusu katika chumba cha uani, nikisikiliza cherehani ya mtu, kwa ajili ya sahani ya wali wa Usoke. Nilikuandikia barua tano. Zote zilikuwa na hasira iliyopangwa vizuri, aya kwa aya, na kila nilipozisoma nilimsikia yule aliyekuwa akiwachekesha walimu. Nikazichana.

Halafu mwezi wa Julai niliugua malaria. Mukankusi aliniletea uji, akaonja mwenyewe mbele yangu, kijiko kimoja, kisha akanipa. Sikuwa nimemwomba. Nikaanza kulia, jambo ambalo halikumpendeza yeye wala mimi. Ikabidi nieleze. Nikamweleza bakuli, mama, treni, vikombe kumi, yote.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mwarimu," akasema, "wewe iko pacha? Na ulinyamaza? Sisi hapa tunajua mapacha. Ungesema neno moja tu, mimi ningeonja."

"Ulinidhania nini siku ile?"

"Nilifikiri unatuogopa. Halafu nilifikiri sisi ndio tukuogope wewe."

Siku nne baadaye Kabagwira alikuja kuchukua mwavuli. Mukankusi alikuwa amemwambia yote. Aliuchukua, kisha akaurudisha msumarini, akakaa, akaomba chai. Nilipoileta akacheka akasema, "Nangoja, Mwalimu. Au nianze kwa niaba ya Tabora?"

Wanataka kurudia ile siku. Nimewaambia nitafikiri. Sijui kama nina haki.

Nimekusamehe. Sijui kuandika neno hilo vizuri zaidi ya hapo.

Mdogo wako,
Doto


Isevya, Tabora
8 Oktoba 1992

Mdogo wangu Doto,

Marahaba, marahaba, marahaba. Barua yako nimeilalia.

Nimefikiri na nimemuuliza Shija, ambaye hana maoni kuhusu kitu kisichokuwa na mbawa. Kwa hiyo naamua mwenyewe, mimi ni mkubwa. Tarehe ishirini na tatu Novemba mwaka huu utatangulia wewe. Waalike wote. Shika kikombe, onja mbele yao, wakuone unameza. Usitoe hotuba.

Mimi nitapika, nitapakua vyumba vyote viwili, na sitaonja wali wala asali mpaka nipate habari kwamba umekula. Ikichukua siku tatu, siku tatu. Ikichukua mwezi, mwezi. Ulikaa ukiningoja bila mimi kujua. Sasa nangoja mimi, nawe ukijua.

Kula vizuri.

Kulwa


Nyakabanda, Kigali
23 Novemba 1992

Kwa Dada Kulwa,

Shikamoo. Nimetimiza sitini na mmoja, nawe pia, robo saa kabla.

Leo ni Jumatatu, lakini walikuja baada ya kazi. Walikuja sita. Mukankusi alikamua ndizi kama mwaka jana, Kabagwira akamimina. Alimimina vikombe nane: sita vya wageni, changu na cha Mukankusi. Halafu akasita, akamimina cha tisa, akakiweka upande wa meza ulio karibu na mlango, alipokaa Jean-Berchmans mwaka jana. Habari zake hatunazo.

Wakanitazama wote. Nikashika kikombe. Nikanywa nusu nzima, si funda.

Évode akasema, "Sasa tumeona." Wakanywa. Sikutoa hotuba. Walikula pilau yote, wakagombania ukoko, na Mukankusi akawaambia kwa Kiingereza chake, alichojifunza kwa kunisikiliza dirishani nikiandaa masomo, kwamba wao ni wanafunzi wenye tumbo baya. Nilitamani ungekuwepo. Kisha wakaondoka kabla giza halijaingia, kwa sababu ya vizuizi barabarani, na vikombe vikabaki mezani, vitupu vinane na kimoja kimejaa. Nimekaa navyo mpaka sasa.

Kituo chetu kinafungwa mwishoni mwa juma hili. Mwenye kituo hakutoa sababu, nami sikuuliza. Kabagwira aliniuliza mlangoni kama nitarudi Januari. Nilimjibu ndiyo. Nimefundisha maisha yangu yote kwamba mtu asijibu asilolijua, na nimejibu. Mwavuli wake ameniachia, anasema njiani nitanyeshewa.

Kikapu nimekifungua leo. Ndani mlikuwa na kikaratasi cha mwaka jana, majina tisa, kwa mwandiko wa Jean-Berchmans. Kikapu ni chako, ulisema, na kifuniko ni changu. Changu nimempa Mukankusi. Alikigeuzageuza akauliza, "Na kikapu chake?" Nikamwambia kinakwenda Tabora, atakuja kukidai huko. Akacheka, kisha akageukia cherehani yake, akakanyaga muda mrefu bila nguo chini ya sindano.

Barua hii sitampa dereva. Malori yanaweza kuzuiwa Rusumo tena, nawe umeapa, na ninakujua. Nitapanda basi Jumapili, na kutoka Isaka nitachukua treni. Kama imeharibika Usoke haitanihusu, mimi natoka upande mwingine.

Nitakukabidhi mkononi, nikae mbele yako nikutazame unavyosoma, kama nilivyozoea kuwatazama watu wakisoma. Utasoma polepole, kwa sababu miwani huvai. Mimi sitasema kitu mpaka umalize.

Nilikula, dada. Umeliona kwa mwandiko wangu, na sasa umeniona. Weka karatasi chini. Toa bakuli kabatini, upakue tena, ukanawe.

Doto